Muuguzi Nyumbani, Kliniki au Simu: Ulinganisho wa Njia za Kumfuatilia Mtoto Mchanga Baada ya Kuruhusiwa Hospitali

Siku mtoto mchanga anaporuhusiwa, mambo mengi hufanyika kwa saa chache: karatasi ya ruhusa inaandikwa, dawa za matone zinafungashwa, begi linafungwa, na aliyekuja kumpokea mama ameshasimama mlangoni. Ni katika haraka hiyo ndipo familia huulizwa ingependa mtoto afuatiliwe kwa njia gani. Mara nyingi majibu yanayowezekana ni matatu. Muuguzi wa watoto wachanga, au mkunga, atakuja nyumbani. Au mtoto atarudishwa kliniki kwa tarehe iliyopangwa. Au wodi itapiga simu kuulizia hali, na kuiachia familia namba ya kupiga yenyewe ikihitaji.

Wengi huchagua kwa kuangalia usumbufu, yaani ni nani atakayesafiri. Si kigezo cha kudharauliwa, hasa kwa mama mwenye mshono ambao haujapona, lakini hakistahili kuwa cha kwanza. Swali linalotangulia ni nini hasa kinachohitaji kuonwa kwa mtoto huyu wiki hii, na ni nani kati ya hao watatu anayeweza kukiona. Muuguzi anayekuja nyumbani huona mambo ambayo kliniki haitayaona hata mama akienda kila siku. Kliniki nayo ina vipimo ambavyo havibebeki kwenye mkoba. Simu haioni chochote, lakini ndiyo pekee inayopatikana saa nane usiku, kama kweli kuna mtu wa kuipokea.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua unasema kwamba mama na mtoto wenye afya njema wakae kituoni walau saa 24, kisha waonwe tena angalau mara tatu: kati ya saa 48 na 72 baada ya kuzaliwa, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Kwa wiki ya kwanza mwongozo huo unapendekeza ziara za nyumbani, na pale ambapo ziara haziwezekani au familia haizitaki, kliniki ichukue nafasi yake. Kwa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2500, mapendekezo mengine ya shirika hilo ya mwaka huohuo yanataka familia itembelewe nyumbani na wahudumu waliofunzwa. Kwa hiyo mzazi wa njiti anayeomba muuguzi aje nyumbani asione haya kana kwamba anaomba upendeleo.

Anachokiona muuguzi akiwa nyumbani

Faida ya kwanza ni muda wa kutazama mtoto akinyonya mwanzo hadi mwisho. Kliniki, mama hunyonyesha kwenye benchi akiwa amejifunika, sikio likisubiri jina lake liitwe, na anapofika chumbani mtoto amekwishalala. Nyumbani muuguzi huketi kando, akaona jinsi mama anavyomshika mtoto, kama mdomo umeshika sehemu nyeusi inayozunguka chuchu au umeng'ang'ania chuchu tu, na husikiliza kama mtoto anameza. Kwa njiti jambo hili ndilo kila kitu. Mtoto wa aina hii hunyonya mara nne au tano, akachoka, akasinzia chuchu ikiwa bado mdomoni. Mama huangalia saa na kuhesabu dakika 40 za kunyonya, ilhali kumeza kwenyewe hakukuzidi dakika tano. Hakuna swali la kliniki litakaloufichua ukweli huo, kwa kuwa mama anapojibu kwamba mtoto hunyonya dakika 40 hasemi uongo.

Jambo la pili ni mahali pa kulala. Wodini baadhi ya watoto njiti hulazwa kifudifudi ili wapumue kwa urahisi, huku mashine ikihesabu pumzi na mapigo yao usiku na mchana. Mama aliyeyaona hayo kwa wiki kadhaa huenda akayaiga nyumbani, mahali ambapo hakuna mashine, pengine juu ya godoro laini na mito pembeni. Nyumbani mtoto anapaswa kulala chali, kwenye godoro gumu, bila mito. Muuguzi mwenye jicho zuri huomba tu aonyeshwe mtoto alilala wapi jana usiku, na kwa ombi hilo moja hujua zaidi ya ambavyo angejua kwa maswali kumi.

La tatu ni joto. Joto la mwili wa mtoto mchanga linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi, na njiti hulipoteza upesi kwa sababu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Hapa ndipo inapofaa kuendelea kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ile njia ya kangaruu iliyoanzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria kule Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Wodini akina mama huifuata vizuri. Wakifika nyumbani wengi huiacha baada ya siku mbili, kwa kudhani kwamba ilikuwa dawa ya hospitali na mgonjwa ameshapona. Muuguzi huweza kumwonyesha baba, bibi au shangazi jinsi ya kumfunga mtoto kifuani ili mama apate kulala, na kwa maoni yangu somo hilo ni la thamani kuliko vijikaratasi vyote vinavyogawiwa siku ya ruhusa. Huko huko hugundua kama yupo mtu nyumbani anayesisitiza mtoto apewe maji, na huweza kuzungumza naye uso kwa uso kwa heshima, badala ya kumwachia mama mzazi vita asivyoviweza.

Uzito ndio jambo ambalo nyumbani na kliniki hushindana kwa karibu, na ndilo linalozaa mkanganyiko mwingi. Watoto wachanga hupungua katika siku za kwanza; wengi hawapungui zaidi ya asilimia 10, na hurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Baada ya hapo mtoto aliyetimiza miezi huongezeka takribani gramu 20 hadi 30 kwa siku. Sasa chukua mtoto aliyepimwa kliniki Jumatatu akiwa na nepi na fulana, kisha akapimwa nyumbani Jumatano akiwa mtupu, kwa mizani nyingine. Mizani mbili zikitofautiana kwa gramu 50, na nguo zikiongeza nyingine, familia itaambiwa mtoto amepungua wakati amekua, au itaambiwa amekua wakati amedumaa. Mwenye kuchagua achague mizani moja na kuifuata hiyo hiyo, mtoto akipimwa mtupu kila mara, na kama ni nyumbani, mizani iwekwe sakafuni palipo imara, si kitandani wala juu ya zulia.

Udhaifu wa ziara ya nyumbani haupo katika ujuzi wa muuguzi bali katika muda wake. Saa moja ndani ya wiki yenye saa 168 ni kidogo, na mtoto aliyeonekana mzima saa nne asubuhi anaweza kuzidiwa jioni ile ile. Vilevile wapo wazazi wanaohisi kwamba wamefuatwa ili wakaguliwe, hasa wanaoishi katika nyumba yenye watu wengi ambamo mgeni mwenye sare huzua maswali. Hisia hiyo ni ya haki. Inafaa kuulizwa mapema kama muuguzi anaweza kuja bila sare, au mkutano ukafanyika kwa ndugu.

Pale ambapo kliniki haina mbadala

Kuna mambo ambayo hata muuguzi bora kuliko wote hatayamaliza sebuleni. La kwanza ni umanjano wa mtoto mchanga. (Wengi huuita homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu, ukitumia jina hilo kwenye simu utamchanganya anayekusikiliza.) Kwa mtoto aliyetimiza miezi umanjano hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, na kwa njiti huchelewa na kudumu zaidi. Jicho la binadamu, hata la mzoefu, hulikadiria vibaya tatizo hili, na kwenye ngozi nyeusi hulikadiria vibaya zaidi. Baadhi ya wauguzi wa nyumbani hubeba kifaa kidogo cha kupimia juu ya ngozi, na kikionyesha kiwango cha juu bado damu italazimika kupimwa ili kuamua kama mtoto awekwe chini ya tiba ya mwanga. Asiye na kifaa hicho, na akaona rangi, atakachofanya ni kukutuma kliniki siku hiyo hiyo.

La pili ni macho. Watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1500, au waliozaliwa mapema sana, huweza kupata ugonjwa wa retina wa watoto njiti, ambao huanza kimya na unaweza kuleta upofu. Uchunguzi wa kwanza kwa kawaida hupangwa takribani wiki 4 baada ya kuzaliwa, na ukigundulika kuwa mkali, muda wa kuutibu huhesabiwa kwa siku. Miadi hii haisogezwi mbele kwa sababu ya mvua, msiba au mgeni. La tatu ni masikio: kipimo cha kusikia kifanyike kabla mtoto hajatimiza mwezi mmoja, tatizo likithibitishwa lijulikane kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita.

Chanjo nazo kwa kawaida hutolewa kliniki, na hapo kuna kosa ambalo huwakuta hata watu waangalifu. Ukuaji wa njiti hupimwa kwa umri uliorekebishwa, yaani umri tangu kuzaliwa ukiondoa wiki alizowahi, na hesabu hiyo hutumika hadi atimize miaka 2. Chanjo, kwa jumla, hufuata umri halisi tangu siku ya kuzaliwa. Mzazi aliyezoea kuondoa wiki katika kila hesabu hujikuta amechelewesha chanjo kwa miezi miwili bila kujua.

Gharama ya kliniki ni msongamano. Mtoto ambaye mapafu yake yalihitaji mashine ya kupumulia au oksijeni hapaswi kukaa saa tatu karibu na watoto wanaokohoa. Kliniki ikichaguliwa, iombwe miadi ya mwanzo kabisa wa siku, na kama chumba cha kusubiri kimejaa, mama asubiri nje na aitwe kwa simu.

Simu, na hatari ya sifa njema

Zamani nikipokea simu za wodi niliwahi kuzungumza na mama ambaye mwanawe alikuwa na umri wa siku 4. Alikuwa na furaha tele. “Nesi, huyu wangu hasumbui kabisa,” aliniambia. “Halii. Analala saa tano mfululizo.” Nilimpa hongera, kisha nikamuuliza ni nepi ngapi zilizolowa tangu jana asubuhi. Alinyamaza kidogo, akasema mbili. Walirudi wodini mchana ule, mtoto akiwa wa manjano hadi nyayoni, amepungua uzito na hana nguvu za kunyonya. Akatibiwa, akapona.

Udhaifu mkubwa wa simu ni huo: mtoto aliye hatarini kuliko wote ndiye anayeelezwa kwa maneno mazuri kuliko wote. Mwenye afya hulia, huamka, huchosha, na mama yake hulalamika. Anayezidiwa husifiwa kwa upole. Kwa hiyo simu inayouliza “mtoto anaendeleaje?” ni salamu tu. Simu yenye manufaa huuliza vitu vinavyohesabika: amenyonya mara ngapi kwa saa 24, nepi ngapi zimelowa (kuanzia siku ya 5 au ya 6 zinatarajiwa 6 au zaidi), joto limesoma ngapi, mara ya mwisho kuamka mwenyewe kudai ziwa ilikuwa lini. Picha ya rangi ya ngozi iliyotumwa kwa simu haifai kutegemewa, kwa sababu mwanga wa taa na kamera yenyewe hubadilisha rangi.

Hata hivyo, ningelazimishwa kuchagua kati ya wodi inayonipigia kila asubuhi na namba ambayo mtu anayemfahamu mtoto wangu ataipokea usiku, ningechukua namba ya usiku bila kusita.

Muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii?

Mahali pengine atakayebisha hodi si muuguzi bali mhudumu wa afya ya jamii. Asipuuzwe. Huko Gadchiroli, India, Abhay Bang na Rani Bang waliwafunza wanawake wa vijijini kuwatunza watoto wachanga majumbani, ikiwa ni pamoja na kutambua na kutibu maambukizi ya damu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalionyesha kwamba katika vijiji 39 vilivyopata huduma hiyo vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 62 ikilinganishwa na vijiji visivyoipata. Tofauti iko kwenye aina ya mtoto. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, mhudumu aliyefunzwa vizuri na anayeishi jirani huweza kufaa kuliko muuguzi anayekuja mara moja kutoka mbali. Kwa mtoto mwenye mrija wa kulishia, oksijeni au dawa za moyo, anahitajika muuguzi aliyefanya kazi katika wodi ya watoto wachanga.

Kuwahi kutoka na muuguzi, au kubaki wodini

Baadhi ya hospitali humruhusu njiti kabla hajaweza kunyonya milo yote, akiwa bado na mrija wa kulishia puani, kwa sharti kwamba muuguzi atamfuata nyumbani. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1986 Dorothy Brooten na wenzake, nchini Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 79 waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1500. Kundi moja lilitoka kwa utaratibu wa kawaida; jingine lilitoka wastani wa siku 11 mapema zaidi, likiwa na uzito pungufu kwa takribani gramu 200, na likafuatwa nyumbani na muuguzi bingwa. Makundi mawili hayakutofautiana katika kurudishwa kulazwa wala katika ukuaji. Lakini muuguzi yule hakuishia kutembelea. Alikuwa akipatikana kwa simu kila siku kwa miezi 18. Huduma inayojisifu kwa kuwatoa watoto mapema na haina simu ya namna hiyo imechukua nusu ya utafiti na kuiacha nusu iliyobeba mzigo.

Mrija wenyewe si wa kutisha, ila unataka mkono uliofundishwa. Kabla ya kila mlo mzazi huvuta kiasi kidogo cha majimaji ya tumboni kwa bomba la sindano na kuyadondoshea kwenye karatasi ya kupimia asidi; pH ikiwa haizidi 5.5 mlo unaweza kuanza, na ikizidi hapo maziwa hayapitishwi hadi ihakikishwe kwamba ncha ya mrija iko tumboni na si kwenye njia ya hewa. Mzazi afanye hivyo wodini kwa mikono yake, mara kadhaa, pamoja na mlo wa usiku wa manane, muuguzi akiwa amesimama pembeni bila kugusa. Mzazi ambaye hajafikia hapo, au ambaye ameambiwa kwamba usiku hakuna wa kumpigia, namshauri abaki wodini hizo siku chache. Uchovu wa wodi unavumilika.

Kwa mtoto wako

Mtoto aliyetimiza miezi, mama ameshanyonyesha wengine, umanjano umepimwa kabla ya kutoka na kukutwa chini ya kiwango cha wasiwasi: kliniki ya siku ya 3 pamoja na simu vinatosha. Mtoto wa kwanza aliyetoka kabla ya saa 48, ziara ya nyumbani siku ya 3 ina manufaa zaidi, kwa kuwa ndipo maziwa yanapojaa, titi linapouma, na mama anapoanza kujiona ameshindwa.

Anayesahauliwa ni yule wa wiki 34 hadi 36. Sura yake ni ya mtoto aliyetimiza miezi, hivyo huruhusiwa upesi kama wenzake, lakini ana usingizi mwingi, ananyonya kwa ulegevu, na umanjano wake huja ukiwa umechelewa, familia ikiwa imeshatulia. Kwake ningeomba vyote viwili ndani ya wiki ya kwanza: muuguzi nyumbani kuangalia kunyonya, na kipimo cha umanjano hata kama rangi haionekani. Aliyezaliwa chini ya gramu 1500 hana cha kuchagua. Kliniki ni ya macho na masikio, nyumbani ni kwa ajili ya maziwa, joto na nguvu za mama.

Dalili za hatari hazingoji njia yoyote kati ya hizi. Mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua kinabonyea ndani, mwenye degedege, mwenye joto linalozidi 37.5 au lililo chini ya 35.5, asiyejitikisa hadi achokozwe, au aliyegeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza au hadi viganjani na nyayoni, apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama muuguzi ameahidi kuja kesho asubuhi.

Kabla begi halijafungwa, hakikisha karatasi ya ruhusa ina mambo haya kwa mwandiko unaosomeka: tarehe ya kuonwa mara ya kwanza na cheo cha atakayemwona mtoto, namba ya usiku ambayo umeshaipiga ukiwa wodini ukasikia inapokelewa, kiwango cha umanjano na saa kilipopimwa, na uzito wa mtoto akiwa mtupu, asubuhi ya siku ya kutoka.